Mapipa ya Bi Mwahija

Nje kidogo ya Masumbwe, upande wa kuelekea Ushirombo, ipo njia ya udongo inayoiacha lami na kuteremka bondeni kati ya mashamba ya mihogo. Mwisho wake kuna mipera iliyopandwa kwa mistari, na katikati ya mipera hiyo kuna nyumba ya tofali nene isiyo na madirisha makubwa. Ndani ya nyumba hiyo yamo mapipa ya plastiki, kila moja limefunikwa kitambaa cha kaniki na kufungwa kamba shingoni. Mwenye kuyaangalia ni Bi Mwahija binti Salehe, mjane wa marehemu Abdulshakur, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni mwanamke mrefu na mkavu, asiyejua kusema jambo mara mbili, na asiyeona haya kumwambia mtu mzima kwamba ananuka jasho. Wapo wanaompenda, ila ni wachache, na hao nao humpenda kwa mbali.

Abdulshakur alikuwa muuza nguo. Babu yake alitoka pwani akifuata biashara, akaweka duka Tabora, na wajukuu wakatawanyika hadi Kahama na Masumbwe. Mipera aliipanda mwenyewe alipochoka kukaa dukani. Kazi ya siki alijifunza kwa mzee mmoja wa Tabora, akamfundisha mkewe, na mkewe akamshinda. Mapera huokotwa yakiwa yameiva sana, huoshwa, hupondwa kwa mchi, maji yake huchujwa kwa kaniki na kumiminwa pipani. Baada ya hapo hakitiwi kitu. Pipa hutolewa juani kwa toroli, hurudishwa kivulini, hutolewa tena, hurudishwa tena, hadi siku kifuniko kitakapofunuliwa na macho ya mfunuaji yatakapotoka machozi kwa ukali. Siki hiyo hupelekwa Kahama, Ushirombo na hata Tinde, kwa wapika pilau na wakata kachumbari.

Inafaa kulieleza hapa jambo la sheria, kwa kuwa mkasa wote unasimama juu yake. Maji ya matunda yakiachwa hupita hali tatu: huanza kuwa matamu, kisha huwa kileo, kisha huwa siki. Hali ya kati ni haramu na ni najisi. Hali ya mwisho ni halali na safi, pamoja na chombo chake, na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Lakini madhehebu yetu yameweka sharti: yafike huko yenyewe. Kuyatoa juani na kuyarudisha kivulini hakudhuru. Mkono wa mtu ukitupia humo chumvi, kitunguu au mkate ili kuyaharakisha, hayatakasiki kamwe. Tena yaliyokamuliwa kwa nia ya siki hayamwagwi yakiwa katika hali ya kati, maana mwenyewe ana haki ya kuyangojea. Yaliyokamuliwa kwa ajili ya ulevi ndiyo yanayomwagwa. Kwa hiyo mapipa mawili yaweza kukaa ubavu kwa ubavu, yakinuka harufu moja, na hukumu zake zikawa mbalimbali kwa sababu ya kilichomo kifuani mwa aliyekamua.

Abdulshakur alilifahamu hilo, na alizifahamu pua za majirani zake. Ijumaa moja, akiwa mzima wa afya, alisimama msikitini baada ya swala akalifanya shamba lile kuwa wakfu: mapato yake yaende kwenye madrasa na kisima cha msikiti, na msimamizi awe mkewe maisha yake yote. Akaongeza sharti mbele ya jamaa wote. Matunda yale yasiuzwe kileo. Siku Mwahija atakapouza kileo, usimamizi umtoke, uende kwa mdogo wake Abdulshakur, yaani Muhidini.

Muhidini aliyasikia maneno hayo akiwa safu ya pili, na tangu saa ile hakuwa na raha na shemeji yake. Kaka yake hakuwa na mtoto. Lau shamba lisingekuwa wakfu, mjane angechukua robo yake na iliyobaki ingekuwa ya Muhidini kwa sheria ya mirathi. Hilo ni dai la kweli, na hakuna mwenye haki ya kumcheka kwa kulikumbuka. Ila Muhidini hakuyataka mapera. Yeye alikuwa mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na alikuwa na mshirika kutoka Bugarama aliyetafuta bonde lenye maji ya kudumu apate kusimika karasha la kusagia mawe. Msimamizi wa wakfu ana mamlaka ya kukodisha ardhi. Muhidini alikwisha kumwonesha mshirika wake, akiwa barabarani, mahali ambapo mipera ingekatwa.

Abdulshakur alipofariki na eda ya mjane ilipokwisha, maneno yakaanza. Wanawake wa jamaa walimwita Mama Pombe, kwanza nyuma ya mgongo, halafu kwa sauti ya kusikika. Mwahija hakuwajibu. Alikwenda madrasa akasema mbele ya wazazi kwamba walimu waliochaguliwa na Sheikh Yasini, imamu wa msikiti, wanasinzia darasani na wakfu wa mumewe unalipia usingizi. Tangu hapo Sheikh Yasini naye, ambaye ni mtu wa elimu na mwepesi wa kukasirika, akawa hamtaki.

Ndipo Muhidini alipopeleka dai lake: shemeji yake anatengeneza na kuuza kileo, usimamizi umtoke. Sheikh alikubali upesi. Aliwachukua wazee wa kamati wakaenda bondeni kujionea. Mwahija aliwafungulia mlango wa nyumba ya mapipa, akasimama pembeni amekunja mikono. Pamoja naye alikuwepo Nyamizi, jirani yake Msukuma, Mkristo, aliyemsaidia kuponda.

Pipa moja lilikuwa likitoa povu na kufoka kwa sauti ndogo.

"Hili," Muhidini akasema. "Hili si siki. Sikilizeni linavyochemka."

"Mjue basi kwa kuonja," akasema mzee mmoja wa kamati.

Watu wakatazamana.

"Onja wewe."

"Mimi? Likiwa kileo je?"

"Muhidini ndiye mwenye dai. Aonje yeye."

"Astaghfirullah!" Muhidini akarudi nyuma. "Mimi nitie pombe kinywani?"

"Kumbe hujui kama ni pombe," Mwahija akasema. "Ungejua usingetuleta watu wazima wote hawa kuja kunusa."

"Naijua harufu yake!"

"Umeijulia wapi, shemeji? Kwenye maduara, huko mashimoni kwa wachimbaji?"

Nyamizi akacheka mpaka akashika mlango. Sheikh Yasini akamkaripia Mwahija, akamwambia ulimi wake ndio unaoharibu heshima ya wakfu. Lakini hakukuwa na la kufanya. Hakuna Muislamu ambaye angekubali kuonja kitu kinachoshukiwa, na pasipo kuonja hakukuwa na uhakika. Wakaondoka na harufu katika kanzu zao. Muhidini, akiwa wa mwisho kutoka, alichota chumvi iliyokuwa kwenye bakuli la chakula dirishani akanyoosha mkono kuelekea pipa lililofunuliwa. Mwahija alimpiga kifundo cha mkono kwa kata ya kuchotea, chumvi ikamwagika chini.

"Ukitaka kunivunjia siki yangu, nivunje mimi kwanza," akamwambia.

"Nitakuvunja," Muhidini akajibu, akitikisa mkono. "Wallahi utatoka hapa na mchi wako kichwani."

Basi hali ilikuwa hivyo, watu wa jamaa wakingoja nani ataanguka, siku gari-nyumba la Athanas lilipoingia bondeni.

Athanas alikuwa mpimaji wa barabara aliyestaafu. Badala ya kujenga, alinunua Hiace kuukuu, akaing'oa viti, akaitia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na pazia la maua, na akatoka Dar es Salaam pamoja na mkewe Scolastika kurudi kwao Bukoba kwa mwendo wa kujitazamia nchi. Walilala walipochoka na kupika walipoona njaa. Tinde walisimama kwenye hoteli ya kando ya barabara, wakaletewa nyama na kachumbari, na Athanas akaisifu kachumbari. Mpishi akamwambia siri yake ni siki ya mama mmoja wa Masumbwe anayechachusha mapera mapipani. Athanas, ambaye ujanani alipata kutembelea nyumba za mvinyo za Dodoma na hakuwahi kuzisahau, alilisikia neno la mapipa na neno la kuchachusha, akaacha kusikiliza mengine.

Walifika kabla ya adhuhuri. Gari lilipita juu ya miche miwili ya mpera ndipo likasimama.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Umeshaingia," Mwahija akasema bila kunyanyuka kwenye kinu. "Tena umeingilia miche yangu."

Scolastika alishuka haraka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Tusamehe, hatukuiona."

"Marahaba. Nani mkubwa kati yetu sijui, lakini nimeshaipokea."

Athanas alikuwa ameshaizunguka nyumba ya tofali akiigonga kuta kwa furaha. "Mama, tumetoka mbali. Tumeambiwa hapa kuna mvinyo wa mapera. Tutembeze basi, tuonje."

"Hapa hakuna mvinyo. Kuna siki."

"Ndiyo, ndiyo, siki." Akamkonyeza. "Tunaelewa, mama. Dini ni dini. Sisi hatusemi kwa mtu."

Mwahija akainuka. Waliomfahamu wangelijua jinsi neno hilo lilivyomchoma, lakini Athanas hakumfahamu. Alikwisha kuvuka kizingiti. Alifungua kaniki ya pipa lile lililokuwa likifoka, akatia pua, akafumba macho, akachukua kata iliyotundikwa ukutani, akachota na kunywa.

"Scola! Njoo! Hii ndiyo yenyewe!" Akageuka kwa haraka hata kata ikamwagikia kanga ya Mwahija kutoka kifuani hadi miguuni. "Mama, wewe ni fundi. Nijazie dumu. Nijazie madumu mawili. Taja bei unayoitaka, mimi sibishani."

"Hiyo haiuzwi. Haijafika."

"Haijafika wapi? Mimi nimeifikia!"

"Rudisha kata."

"Bei mara mbili ya siki yako. Mara tatu! Mama, utaiacha mpaka iwe chachu ya kuoshea samaki? Kitu hiki? Ni dhambi hiyo."

Hapo ndipo Mwahija alipochukua ufagio wa chelewa. Alimpiga mgongoni, akampiga kiunoni, akamsukumia nje kwenye jua. Hakumwachia, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa inaingia na kanga aliyoivaa ilikuwa imeingia najisi, naye hakuwa na maji ndani isipokuwa ya kunywa.

"Umeniingilia nyumba! Umeninajisia nguo! Halafu unifundishe dhambi!"

"Mama, mimi ni mteja!"

"Mteja wa nani? Toka!"

"Mzee, ondoka tu," Nyamizi akamshauri akiwa nyuma ya kinu. "Mayu, mama huyu, akishika ufagio, hata fisi huku wanahama."

Scolastika, kwa aibu, alinunua chupa moja ya siki iliyo tayari. Athanas aliinusa akiwa kwenye usukani, akapiga chafya, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hajapata kuona mwanamke mwenye roho ngumu kama yule nchi nzima, tena ameipita nchi nzima. Wakapanda kilima kurudi barabarani. Mwahija alikwenda kisimani kufua kanga.

Walilala Masumbwe, kando ya kituo cha mafuta. Athanas hakuacha kusema. Alimsimulia mjaza mafuta, muuza chapati na waendesha bodaboda, na kila aliposimulia ufagio ulizidi kuwa mrefu. Habari ikamfikia Muhidini: kuna mgeni, amekunywa kutoka pipa la Mwahija, amesema ni mvinyo safi, na wamegombana. Muhidini alimfuata asubuhi yake, akamkuta anapiga mswaki kando ya gari.

"Bwana, ni kweli ulikunywa?"

"Kata nzima. Na kinalevya, mimi si mtoto."

"Uko tayari kuyasema hayo mbele ya wazee wetu?"

"Niko tayari kuyasema mbele ya Waziri! Yule mama aniombe radhi kwa kunipiga."

Muhidini hakumuuliza waligombania nini. Katika kazi yake watu hunywa kisha hugombania malipo, na alidhani ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda kwa Sheikh Yasini akiwa na uso uliochanua. Sheikh alimkumbusha kwamba ushahidi wa asiye Muislamu dhidi ya Muislamu haukubaliwi katika vitabu vyetu. Muhidini akasema hii ni dharura, kwani Muislamu gani atakayeonja? Sheikh, ambaye moyo wake ulikuwa umeelekea huko tangu mwanzo, akasema aletwe, asikilizwe tu.

Wakakutana barazani kwa msikiti baada ya alasiri. Wazee wa kamati walikaa kwenye mkeka, Mwahija kwenye ukingo wa baraza akiwa amejifunika mtandio mweusi, na Nyamizi amesimama uani karibu na mabomba ya udhu. Watu wengine walijaa hadi barabarani, maana ilijulikana kwamba ikithibitika kileo kimeuzwa, shamba litamtoka mjane kabla ya magharibi. Mshirika wa Bugarama naye alikuja, akakaa juu ya pikipiki yake ng'ambo ya barabara.

"Sema uliyoyaona," Sheikh Yasini akamwambia Athanas.

Athanas akaeleza tangu Tinde. Alipofika kwenye ile kata aliyokunywa, Muhidini akawageukia watu.

"Mmesikia! Amekunywa, kinalevya!"

"Kinalevya vizuri sana," Athanas akathibitisha.

"Alikuuzia kiasi gani?" Sheikh akauliza.

"Kuniuzia?" Athanas akaruka kwenye kiti. "Angeniuzia, mzee wangu, ningekuwa hapa? Saa hizi ningekuwa Biharamulo, nimelala chini ya pazia langu na dumu langu. Nimemwambia taja bei, hataki. Nikamwambia mara mbili, hataki. Mara tatu, akachukua ufagio! Hiki ndicho kinachoniuma. Mtu ana kitu kizuri namna ile, anakiacha kiharibike kiwe siki!"

Wazee wa kamati wakageuka kumtazama Sheikh.

"Rudia hilo la mwisho," Sheikh akasema, na sauti yake haikuwa na furaha.

"Anakiacha kiharibike. Eti hakijafika. Nyumba nzima ni siki, siki, siki. Mimi nadai radhi."

Mtu mmoja akacheka nyuma, na kicheko kikapita barazani hata kikafika barabarani. Muhidini alisimama.

"Sheikh, huyu si Muislamu. Ushahidi wake haukubaliki."

"Asubuhi ulisema ni dharura."

"Sikujua atasema nini!"

"Ndiyo maana ya shahidi, Muhidini. Hujui atasema nini." Sheikh Yasini akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu. Angependa kuamua vinginevyo, na kila mtu barazani alilijua hilo, lakini alikuwa amesoma sana kiasi kwamba hakuweza. "Haya. Umesema haukubaliki, na katika sheria umesema kweli. Basi haukubaliki kwako wala kwake. Mdai hana ushahidi. Mdai asipokuwa na ushahidi, kiapo ni juu ya anayekanusha. Mwahija, apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hujauza kileo katika matunda ya wakfu, na shauri limekwisha."

Mwahija hakuinua macho. "Siapi."

Minong'ono ikavuma kama nyuki. Muhidini aligeuka kumtazama, asiamini bahati yake.

"Umenisikia vizuri?" Sheikh akauliza.

"Nimekusikia. Siapi. Kaka yake huyu hapa," akamwonesha Muhidini kwa kidole, kwa hasira, "nimekaa naye ndani ya nyumba hadi amekufa, hakuniapisha na sikumwapisha. Leo nilitaje jina la Mungu kwa sababu ya pua za watu? Mmenifuata mpaka kwenye mapipa yangu mkaninusa. Nendeni na kiapo kwa mwenye dai."

"Mayu, apa!" Nyamizi akapiga kelele kutoka uani. "Apa basi, unalipoteza shamba!"

"Nyamaza, Nyamizi."

"Mwahija," Sheikh akasema polepole, "ujue unalolifanya. Anayekanusha akikataa kiapo, kiapo hurudi kwa mdai. Muhidini akiapa, sina njia. Nitampa usimamizi hapa hapa, na sitakuonea huruma."

"Huruma yako sijapata kuiona, Sheikh, sitaitafuta leo. Najua hukumu yake. Marehemu alinifundisha. Aape."

Ng'ambo ya barabara mshirika wa Bugarama aliteremka kwenye pikipiki akasogea. Sheikh Yasini akamwita Muhidini mbele, akamwelekeza kibla, akamwambia maneno yenyewe: Wallahi, Mwahija ameuza kileo kilichotokana na matunda ya wakfu. Akamwonya, kama inavyopasa, juu ya kiapo cha uongo na moto wake, na hasa kiapo kinachokula mali ya wakfu. Alimwonya bila kupandisha sauti.

Muhidini alisimama wima. Alikuwa ameshinda. Hakuna mtu barazani aliyekuwa na uwezo wa kumzuia, wala sheikh, wala mgeni, wala mjane. Kilichobaki ni maneno machache.

"Wallahi," akasema.

Watu walimwona akitazama chini, kwenye vidole vyake vya miguu, mahali alipovulia viatu kila siku tangu utotoni. Muhidini alikuwa mtu wa tamaa na mtu wa chuki, lakini swala tano hazikumpita.

"Wallahi," akasema tena, na jasho likamtoka. Kisha akageuka ghafla, akamnyooshea Mwahija mkono. "Wallahi, mwanamke huyu ni mjeuri! Hana adabu kwa mkubwa wala kwa mdogo, na kaka yangu alimdekeza!"

"Hilo halina ubishi," Sheikh Yasini akasema, "ila si dai lako. Utaapa juu ya dai?"

Muhidini akaushusha mkono. Akashuka barazani akitafuta viatu vyake, na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri alivaa kiatu chake kimoja na cha mtu mwingine kimoja. Mshirika wake alimfuata akimwambia jambo kwa hasira, akasukumwa kifuani, akarudi kwenye pikipiki yake.

"Shauri limekwisha," Sheikh akatangaza. "Hakuna ushahidi, na mdai amekikataa kiapo. Usimamizi ulipo ndipo utakapokaa. Na asisikike mtu tena akimwita mwanamke wa jamaa hii Mama Pombe, maana hilo nalo lina adhabu yake mbele ya Mungu." Akamgeukia Mwahija, na uso haukulainika. "Na wewe, ni vyema umfuate shemeji yako, mpeane mkono. Ameogopa Mungu leo kwa ajili yako."

"Ameogopa Mungu kwa ajili yake mwenyewe," Mwahija akajibu akijifunga mtandio. "Mimi nilidaiwa shamba, na shamba limebaki. Mkono sikudaiwa."

"Na radhi yangu?" Athanas akauliza.

"Radhi!" Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kanga yangu nimeisugua mpaka rangi imeisha. Ukifika kwenu waulize wakubwa wako kama mgeni huchota kabla ya kukaribishwa."

Scolastika akamvuta mumewe mkono, wakaenda kwenye gari lao.

Muhidini husali safu ya mwisho siku hizi na hutoka kabla ya dua. Akikutana na Mwahija njiani, mmoja wao hushuka kwenye mtaro. Karasha halikusimikwa bondeni. Mshirika amelipeleka kwingine. Madrasa imepata mabati mapya kutokana na siki, na walimu wawili waliokuwa wakisinzia wamebadilishwa, ingawa Sheikh Yasini anasema aliwabadilisha kwa rai yake mwenyewe.

Ama Mwahija, kesho yake asubuhi alikwenda na Nyamizi mahali njia ya bondeni inapoiacha lami. Walikata matawi ya migunga yenye miiba mirefu, wakayalaza toka upande huu hadi upande ule, wakaacha mwanya wa kupita mtu mmoja kwa miguu. Nyamizi alimuuliza wateja watafanyaje.

"Wataita kutoka barabarani," Mwahija akamwambia, akiburura tawi jingine. "Sauti wanazo. Tumezisikia."